Saspensheni ya Impreza Kuukuu: Fedha Ianzie Wapi

Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1992, na kizazi hicho kilifika mwisho mwaka 2000. Hata iliyo changa kuliko zote sasa ni gari la robo karne. Katika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam Impreza hizi bado zinaonekana barabarani, nyingi zikiwa zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na karibu kila mmoja ameacha alama yake chini ya gari: springi zilizokatwa kwa msumeno, shokapu nne za makampuni matatu, stabilaiza iliyofungwa kwa bushi za gari jingine. Anayelipata gari la namna hii akitaka lishike kona vizuri huanza kuwaza vifaa vya mashindano. Kwa mwenye bajeti ndogo huko ni kuanzia mwisho. Shilingi inayorudisha kilichochakaa huleta faida kubwa kuliko shilingi inayoongeza kisichokuwapo, na Impreza yenye saspensheni ya kiwandani iliyo nzima ni gari ambalo madereva wengi wa leo hawajawahi kuliendesha.

Muundo wake ni rahisi, na urahisi huo unamsaidia mwenye mfuko mwepesi. Magurudumu yote manne yamesimama juu ya mguu wa MacPherson: shokapu na springi vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, juu kimeshikwa na kiti cha mpira kilichofungwa kwenye bodi kwa nati tatu, chini kimefungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba beringi ya gurudumu. Mbele, gurudumu linashikwa chini na wishboni yenye umbo la herufi L, ambayo ina bushi mbili na boljointi moja. Nyuma hakuna wishboni. Kila upande una vyuma viwili vilivyolala sambamba kuelekea katikati ya gari, na chuma cha tatu, kirefu, kinachokwenda mbele kulizuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma. Forester ya kwanza, iliyoingia sokoni 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Impreza, kwa hiyo maduka ya spea yenye vifaa vya Forester mara nyingi huwa na bushi, boljointi na linki zinazoingia kwenye Impreza pia. Hata hivyo namba ya spea ilinganishwe kila mara, kwa sababu Subaru ilibadilisha vipande vidogovidogo karibu kila mwaka.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi, na gharama yake ni muda tu. Gari linyanyuliwe kwa jeki kisha likalishwe kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari, na mawe au vipande vya mbao si stendi. Gurudumu lishikwe juu na chini likitikiswa, kisha kulia na kushoto. Likicheza juu na chini, shaka ni boljointi au beringi. Likicheza kulia na kushoto kwa mbele, shaka ni tairodi. Beringi za nyuma za Impreza za miaka hiyo zinajulikana kwa kuchoka mapema. Dalili yake ni mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na ambao hubadilika gari linapoinama kwenye kona. Watu wengi huudhania kuwa ni sauti ya matairi wakaishi nao kwa miezi.

Bushi hukaguliwa kwa mtaimbo mfupi. Chuma kikisukumwa, mpira unapaswa kujibana kidogo na kurudi. Ukionekana umepasuka, umeachana na bomba lake la katikati, au chuma kinacheza bila kizuizi, bushi imekwisha. Bushi ya nyuma ya wishboni ya mbele ikichoka, usukani hutetemeka wakati wa kufunga breki na gari huhama kidogo upande mmoja. Bushi za kile chuma kirefu cha nyuma zikichoka, mkia wa gari hutikisika kidogo kila dereva anapokanyaga mafuta au kuyaachia katikati ya kona. Dalili hii ndiyo inayowapotosha wengi: huilaumu shokapu, wakanunua nne mpya, na mkia ukaendelea kutikisika. Kelele ya kugongagonga kwenye vijishimo vidogo kwa mwendo wa taratibu kwa kawaida hutoka kwenye linki za stabilaiza, ambazo ni kati ya vifaa vya bei ndogo kabisa chini ya gari. Na kama springi inalia na kuruka usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama, kiti cha juu cha shokapu ya mbele kimekwama au kimekatika.

Bushi za mpira za kiwango cha kiwandani zinatosha kwa gari la barabarani. Zile ngumu za polyurethane zinauzwa kama hatua ya juu, na mahali pengine zinafaa, kwa mfano kwenye mabano ya stabilaiza na kwenye bushi za rack ya usukani. Lakini zinahitaji grisi maalumu na kurudiwa kupakwa, zisipopakwa hulia, na hupeleka mtetemo wote kwenye bodi. Kwenye chuma kirefu cha nyuma hazifai kabisa, kwa sababu pale bushi hailazimiki kuzunguka tu; inapaswa pia kujipinda gurudumu linapopanda na kushuka. Bushi ngumu mahali hapo huifanya saspensheni ikwame, na gari ambalo mkia wake unakwama kwenye kona ya mvua ni la hatari.

Kuna kosa moja la karakana ambalo huua bushi mpya ndani ya miezi michache. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba lake la ndani na la nje. Haizungukizunguki, bali hujisokota. Fundi akikaza bolti zake wakati magurudumu yananing'inia, mpira unakuwa umekazwa katika hali ya kunyongoroka, na gari linaposhushwa chini hubaki umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Bolti zifungwe kwa mkono kwanza, gari lishushwe uzito wote uwe juu ya magurudumu, lisukumwe mbele na nyuma lijikalie, ndipo zikazwe kikamilifu. Mwenye gari ana haki ya kusimama pale na kuhakikisha jambo hili limefanyika. Fundi mzuri hatakasirika.

Baada ya bushi, fedha iende kwenye matairi. Hakuna shokapu wala springi inayoweza kulipa gari mshiko ambao tairi halina. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri mkubwa limekauka, na joto pamoja na jua kali huharakisha ukaukaji huo, hata kama halijatembea kilomita nyingi. Matairi ya mtumba yaliyoshushwa kutoka nje kwa kawaida ni ya aina hii, na kwa gari lenye nguvu si akiba ya kujivunia.

Ukubwa nao una mjadala wake, na hapa macho huwadanganya wanunuzi. WRX za kizazi hiki zilitoka kiwandani na rimu za inchi 15 au 16. Tairi la 205/50 la rimu ya 16 lina ubavu wa milimita 102 hivi. La 215/35 la rimu ya 18 lina milimita 75. Milimita 27 za mpira zinazopotea pale ndizo zilizokuwa zikimeza kingo za mashimo na matuta yasiyo na alama. Rimu kubwa mara nyingi pia ni nzito zaidi, na uzito ulio chini ya springi huipa shokapu kazi ngumu zaidi kuliko uzito uleule ukiwa ndani ya gari. Kwa barabara zetu, inchi 16 yenye tairi jipya la kampuni inayoaminika hushinda inchi 18 yenye tairi la bei ya kutupa, kwa mshiko na kwa starehe. Jambo jingine linahusu mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne: matairi yote yawe ya ukubwa mmoja, aina moja na kashata inayokaribiana. Tairi moja likiwa na mzingo tofauti, difu ya katikati hulazimika kufanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, na ukarabati wake utameza bajeti yote ya saspensheni.

Shokapu ndilo fungu kubwa la matumizi. Kazi yake ni kuituliza springi, ili tairi lisipoteze mguso na barabara baada ya kila tuta. Ile desturi ya kulikandamiza gari kwenye kona ya boneti na kuhesabu mara linazoruka husaidia kutambua shokapu iliyokufa kabisa, lakini haiwezi kuonyesha iliyochoka nusu. Dalili za kuaminika zaidi ni mafuta yaliyovuja mwilini mwake, matairi yaliyoliwa kwa mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake, na gari linalochelewa kutulia baada ya wimbi la lami kwa mwendo wa barabara kuu.

Shokapu mpya za kiwango cha kiwandani, kutoka kwa watengenezaji wakubwa kama KYB, ndilo chaguo la busara kwa bajeti ndogo. Zinunuliwe kwa duka linalotoa risiti, kwa sababu bidhaa za kuiga zenye maboksi yanayofanana na ya asili zipo nyingi. Za mtumba kutoka Japani huvutia kwa bei, hasa miguu kamili ya matoleo ya STI. Hapa subira ni muhimu kuliko hamu. Shokapu iliyotolewa kwenye gari la 1998 ina umri unaokaribiana na wa ile inayobadilishwa, na rangi safi haisemi chochote kuhusu mafuta na sili zilizo ndani. Ikibidi kununua mtumba, fimbo yake ichunguzwe kama ina mikwaruzo au kutu, ibonywe mpaka chini kuona kama upinzani ni sawa njia nzima, na ilinganishwe na mwenzake. Isiyo na upinzani mwanzoni au inayokwama njiani iachwe dukani. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, za mbele mbili au za nyuma mbili, kamwe si moja.

Kabla ya kufungwa, shokapu mpya ya mabomba mawili isimamishwe wima, ibonywe na kuvutwa mara kadhaa ili hewa iliyoingia kwenye mafuta wakati imelazwa ghalani itoke. Kiti cha juu, mpira wa kuzuia mgongano na kifuniko cha vumbi vibadilishwe wakati huohuo, kwa kuwa kazi ya kuvifikia ni ileile na gharama ya ufundi hulipwa mara moja. Kuitenganisha springi na shokapu ni kazi inayoweza kuua. Springi iliyobanwa imebeba nguvu ya mamia ya kilo, na ikifyatuka huvunja mfupa au zaidi. Kifaa cha kubania springi chenye kulabu nzima ni lazima. Waya, kamba au minyororo haikubaliki, hata kama fundi anadai amefanya hivyo miaka yote.

Swali linalofuata kwa wengi ni kushusha gari. Springi fupi zina mvuto, na gari lililoshuka linaonekana la kasi hata likiwa limeegeshwa. Lakini mguu wa MacPherson una tabia ambayo wanaoshusha magari mara nyingi hawaijui. Gari likiwa katika urefu wa kiwandani, wishboni imelala au imeinama kidogo kuelekea gurudumu. Bodi ikishushwa sana, ncha ya wishboni iliyo upande wa gurudumu hubaki juu kuliko ile ya upande wa bodi. Hapo nukta ambayo bodi huizunguka inapoinama kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka, na umbali kati ya viwili hivyo ndio unaoamua gari litainama kiasi gani. Hivyo gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kutaka kuinama zaidi kuliko mwanzo, usukani hujivuta wenyewe gurudumu moja linapopanda tuta, na nafasi ya shokapu kusafiri inakwisha. Likifika mwisho wa safari hiyo katikati ya kona, bodi hukalia mpira wa kizuizi na mshiko hupotea ghafla.

Kukata springi ni ubaya juu ya ubaya. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi na fupi, lakini ncha yake haikai tena kwenye kiti chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuhama mahali pake. Gari lililonunuliwa likiwa na springi zilizokatwa lirudishiwe za kiwandani kabla ya jambo jingine lolote.

Historia ya gari hili inatoa mwongozo mzuri zaidi kuliko picha za magari yaliyoshushwa chini. Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na ile aliyoshinda nayo Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa zimenyanyuliwa juu na kupewa shokapu zenye safari ndefu, kwa sababu njia mbovu hutaka gurudumu lipande na kushuka kwa uhuru. Mwenye gari la kila siku hahitaji kwenda mbali hivyo. Springi za kiwandani zinamtosha. Akitaka kitu kilichokaza, springi ngumu zaidi kwa asilimia 15 au 20 zisizoshusha gari zaidi ya milimita 20 ndio mpaka wa busara, na shokapu za kiwandani zilizo nzima zinaweza kuzituliza. Kwa anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi, miguu ya Forester ya kizazi cha kwanza hulinyanyua gari, ingawa huwa laini zaidi na kona hupoteza ukali wake. Baadhi ya Forester zilikuwa na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe kulingana na mzigo. Hizo zikichoka nyuma hukaa chini, na haifai kuzinunua zikiwa za mtumba.

Iwapo kuna kifaa kimoja cha kuongeza chenye thamani ya wazi kwa bei yake, ni stabilaiza nene zaidi ya nyuma. Impreza kwa asili hupenda kusukuma pua nje ya kona, na stabilaiza ya nyuma ikikazwa huhamishia sehemu ya kazi nyuma, pua ikafuata usukani vizuri zaidi. Ugumu wa chuma hicho, kikiwa hakina uwazi ndani, hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake: kutoka milimita 18 hadi 20 ni ongezeko la karibu asilimia 52, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo. Ndiyo sababu hatua moja inatosha. Matoleo tofauti ya WRX na STI yalikuwa na stabilaiza za unene tofauti, kwa hiyo ya mtumba kutoka toleo la juu, ikiwa na bushi mpya za unene wake, ni ununuzi mzuri; chuma hakizeeki kama mpira. Mabano yanayoishikilia nyuma yakaguliwe kwanza, kwa kuwa mabano dhaifu hupinda au kupasuka yakibebeshwa stabilaiza nene. Na isifungwe kabla ya matairi mabovu kubadilishwa: mkia uliokazwa juu ya matairi yaliyokauka hutoka kwa haraka kuliko madereva wengi wanavyoweza kuudhibiti.

Koilova, yaani miguu ya shokapu na springi inayorekebishika urefu kwa hesi, zisinunuliwe zikiwa za bei nafuu. Nyingi zina springi ngumu kuliko uwezo wa shokapu zake, na vumbi na matope huzikamata hesi zake zikawa hazirekebishiki tena. Zilizo bora zipo, lakini bei yake inatosha kufanya kazi zote zilizotajwa hapa. Chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti kinapendeza, na kwenye bodi ambayo haina kutu mchango wake ni mdogo.

Baada ya kazi yoyote ya saspensheni, alaimenti si hiari. Bolti ya juu kati ya zile mbili zinazofunga mguu wa mbele ina mzunguko usio wa katikati, hivyo mwinamo wa gurudumu la mbele unaweza kurekebishwa bila kununua kitu. Fundi asiyejua hilo huifunga popote. Kwa matumizi ya barabarani, mwinamo wa digrii moja hadi moja na nusu kuelekea ndani kwa mbele, magurudumu ya mbele yakitazama mbele sawasawa, na ya nyuma yakifunga kwa milimita moja au mbili, hutoa gari linaloitikia usukani bila kula matairi. Mwinamo uwe sawa kushoto na kulia. Mteja aombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na usukani ukirudi umepinda, gari lirudishwe palepale.

Kazi hizi hazilazimiki kufanywa kwa siku moja. Bajeti ikigawanywa mafungu kumi, mawili yanaweza kwenda kwenye bushi, linki na boljointi, matatu kwenye matairi, manne kwenye shokapu na viti vyake, na la mwisho kwenye alaimenti. Stabilaiza na springi zisubiri mwaka unaofuata. Vipande vinavyohitaji kufungua bolti zilezile vifanywe pamoja, ili ufundi na alaimenti visilipiwe mara mbili. Bolti zilizoshikwa na kutu zilowekwe mafuta ya kulainisha siku kadhaa kabla, na nati mpya za kujikaza zitumike badala ya zile zilizokwishafunguliwa.

Gari likishatembea kilomita 500 hadi 1,000, mpira na springi zinakuwa zimejikalia. Bolti zote zilizoguswa zikaguliwe tena, urefu wa kila kona upimwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi, na alaimenti ithibitishwe. Mpaka hapo gari litakuwa linaingia kona kwa kasi kuliko lilivyozoea, kwa hiyo akiba yoyote iliyobaki iende moja kwa moja kwenye pedi, diski na mafuta mapya ya breki.